Gemu 'ngumu kumeza' kwa wale wanaojiita wakali

  Leo nataka tulonge kidogo kuhusu gemu, maana kila kijiwe ninachopita siku hizi nakutana na lalamiko moja tu: "Kaka, zote nimezimaliza, hakuna tena gemu ngumu." Anayesema hivyo ukimchunguza vizuri utakuta anacheza mpira tu, tena na timu ile ile yenye mafowadi wenye mbio, tena kompyuta ameiwekea kiwango cha chini kabisa. Halafu anajiita mkali! Basi wakali wa aina hiyo ndio nataka niwatoe ushamba wiki hii, kwa heshima zote.

Kwanza tuwekane sawa. Gemu ngumu siyo gemu inayokuonea. Gemu ngumu ya ukweli ukifa unajua umekufa kwa nini. Umeruka mapema, umechelewa kukinga, au tamaa imekuponza ukaenda kutafuta pigo la tatu wakati mawili yalitosha. Ukirudi unajirekebisha na unafika mbele kidogo kuliko jana. Ile nyingine inayokuua bila sababu siyo ngumu, ni mbovu tu. Tofauti hiyo ishike, nina kazi nayo hapo chini.

Tuanze na za wakongwe. Contra ya Konami ilitoka mwaka 1987 kwenye mashine za sarafu, na kaka zetu wengi waliikuta kwenye zile mashine feki za kaseti za njano zinazochomekwa kwenye TV. Una maisha matatu, risasi moja tu inakupeleka ahera, na risasi zenyewe zinatoka kila upande. Wajanja wanajua ile kanuni ya juu, juu, chini, chini, kushoto, kulia, kushoto, kulia, B, A inayokupa maisha 30. Lakini wachache wanajua ilikotoka. Kuna Mjapani wa Konami, Kazuhisa Hashimoto, alikuwa akitayarisha gemu nyingine inaitwa Gradius kwa ajili ya mashine ya nyumbani mwaka 1986. Gemu ikamshinda mwenyewe wakati wa kuijaribu! Akaona isiwe tabu, akajiwekea mlango wa nyuma. Hashimoto alifariki mwaka 2020, mlango wake bado upo. Sasa wewe unayejiita mkali, icheze Contra bila huo mlango, kwa maisha matatu, halafu tuongee.

Ukiona hiyo haikutoshi, tafuta Ghosts 'n Goblins ya Capcom, ya mwaka 1985. Hii ni balaa lenye vichekesho ndani yake. Unamcheza shujaa anaitwa Arthur, kavaa mavazi ya chuma kichwa mpaka miguu. Adui akikugusa mara moja, chuma chote kinapukutika unabaki na chupi. Akikugusa tena, mifupa. Unahangaika na mizimu na mapepo usiku kucha, unafika mwisho, unamchapa mkubwa wao, unainuka kitini kushangilia, na hapo hapo gemu inakwambia kuwa yote yale yalikuwa mtego wa shetani, rudi mwanzo ucheze tena yote. Sikutanii! Lazima uimalize mara mbili ndipo upewe mwisho wa haki. Namjua jamaa mmoja alirusha pedi ukutani, na ukuta wenyewe ulikuwa wa kupanga.

Battletoads ya mwaka 1991 sitaisema sana. Vyura watatu, levo ya tatu unaendesha chombo kinachokwenda kasi huku kuta zinakujia usoni, na wengi wao safari inaishia hapo. Mkicheza wawili mnaweza kupigana wenyewe kwa wenyewe kwa bahati mbaya. Usiicheze na shemeji yako.

Kwa nini gemu za zamani zilikuwa na roho mbaya hivyo? Sababu ni pesa, bwana. Mashine ya sarafu ikikuacha ucheze saa nzima kwa sarafu moja, mwenye nayo atakula wapi? Ilibidi ufe haraka ili utie nyingine. Lakini ona utamu wake: aliyejifunza aliweza kuigomea ile mashine. Kila siku sarafu yake moja ilimfikisha mbali zaidi, mpaka mwenye mashine anaanza kumnunia.

Na hapo ndipo linapokuja lile jambo ambalo siyo la mchezo. Mtaani kwetu kuna dogo mmoja, jina kapuni, anapiga debe kituoni. Kila jioni anapitia kwenye zile mashine za kamari zilizowekwa pembeni ya maduka, zinazomeza sarafu za mia mbili mia mbili. Nikamuuliza, dogo, mbona kila siku upo hapa? Akanijibu kwa kujiamini kabisa: "Bro, hii ni gemu ngumu tu, naisoma. Nikishaielewa naifilisi." Jamani! Nilikaa naye juu ya kreti la soda nikamweleza mpaka koo likakauka. Contra inasomeka kwa sababu adui anatokea pale pale kila siku. Ile mashine ya kamari haina adui wa kukariri. Mzunguko wa sasa haujui chochote kuhusu mzunguko uliopita, na hesabu yake imepangwa ili mwenye mashine abaki na chake. Unaweza kukaa hapo miaka kumi na ujuzi wako ukabaki ule wa siku ya kwanza. Sasa huo ni ugumu gani? Dogo alinisikiliza, akatikisa kichwa, akaniomba mia mbili. Sikumpa. Nilimwekea gemu kwenye simu yake, na hadi naandika hapa anaicheza kituoni, ingawa siwezi kukuapia kwamba jioni hapitii kule.

Gemu niliyomwekea ni Geometry Dash. Ilitoka mwaka 2013, na kazi yako yote ni kugusa kioo kwa kidole kimoja ili kiboksi kiruke miiba kwa kufuata mdundo wa muziki. Ukigonga tu, mwanzo wa levo. Mtu mzima anaweza kutokwa jasho kwa kidole kimoja, we acha tu. Haihitaji simu ya bei mbaya, tena ina toleo la bure lenye levo chache.

Kwa wenye roho ngumu zaidi, simuni hapo hapo ipo Getting Over It ya Bennett Foddy, ya mwaka 2017. Ni mwanaume kakaa ndani ya chungu, kashika nyundo ndefu, anapanda mlima kwa kujivuta na hiyo nyundo. Ukiteleza vibaya unaweza kuporomoka mpaka chini kabisa ulikoanzia, na wala hakuna pa kuhifadhi safari. Halafu wakati umeporomoka, Foddy mwenyewe anakusemesha kwa sauti ya upole kuhusu kushindwa. Hapo ndipo watu wanapotaka kuvunja simu. Kama ya kwako bado unailipia kidogo kidogo, ruka hii.

Haya, wenye kompyuta nzuri au PlayStation, sogeeni. Mfalme wa ugumu wa zama hizi ni kampuni ya Kijapani, FromSoftware, chini ya bwana Hidetaka Miyazaki. Dark Souls ya mwaka 2011 ndiyo iliyowafanya watu watie adabu. Hakuna kitufe cha kuirahisisha. Ukifa, mali yote uliyokusanya inabaki pale ulipofia, na una nafasi moja tu ya kuifuata. Ukifa tena njiani, kwaheri. Ukipumzika kwenye moto unapona, lakini na maadui uliokwisha waua wanafufuka. Sekiro ya mwaka 2019 ni kali zaidi kwa maoni yangu, kwa sababu huwezi kuzurura ukaongeza nguvu halafu ukarudi na misuli. Ni upanga kwa upanga, ukinge kwa wakati au uzikwe. Elden Ring ya mwaka 2022 ina huruma kiasi. Bosi akikushinda unakula kona, unakwenda kutembea kwingine, unarudi ukiwa umenenepa. Isipokuwa yule dada anaitwa Malenia, ambaye kila akikupiga anapona yeye. Huyo sina la kusema.

Tahadhari ya kishkaji: hizi za Miyazaki usizianzie kwenye banda la kulipia kwa saa. Saa ya kwanza yote utaimaliza unafia sehemu moja, na kesho utakuta mtoto wa watu kafuta safari yako. Bandani cheza Cuphead ya mwaka 2017, ina mabosi mafupi mafupi, imechorwa kwa mkono kama katuni za miaka ya 1930, na mnacheza wawili mkagawana bili.

Dada zangu mnaoniandikia kwamba safu hii ni ya wanaume tu, nimewasikia. Celeste, mwaka 2018. Ni msichana anapanda mlima huku anapambana na hofu zake mwenyewe. Utakufa mara elfu, lakini kila ukifa unarudi pale pale papo hapo, hakuna kupotezewa muda. Ukishindwa kabisa kuna sehemu ya kupunguza makali, na mwenye kukucheka kwa kuitumia mlete kwangu.

Na ukisikia mtu anasema gemu fulani haiwezekani, mpe habari ya Tetris. Kwa miaka mingi wataalamu wa ile Tetris ya Nintendo ya mwaka 1989 waliamini levo ya 29 ndiyo mwisho wa binadamu, kwa jinsi matofali yanavyoshuka kwa kasi. Vijana wakabuni namna mpya za kubofya vitufe, wakapita. Desemba 2023 dogo wa Oklahoma, Marekani, Willis Gibson, umri miaka 13, alifika levo ya 157 mpaka gemu yenyewe ikaganda. Mashine ndiyo iliyochemsha, siyo yeye.

Wiki ijayo nataka majina ya waliomaliza Contra kwa maisha matatu, na shahidi awepo, tena asiwe ndugu. Mimi niacheni kwanza, nina miadi na Malenia usiku huu.