Kompyuta Mpya Inapokwama: Somo la Uchunguzi kwa Shule za Karatu

Na achukuliwe kijana wa Karatu aliyejiundia kompyuta ya michezo. Mzazi wake ameuza vitunguu vya Mang'ola. Sehemu zimenunuliwa Arusha kidogo kidogo, kisha zimeunganishwa juu ya meza ya chakula. Mashine inawaka na nyumba nzima inafurahi. Baada ya dakika 20 za mchezo skrini inageuka bluu, na kompyuta inajizima na kujiwasha upya. Kesho yake inaganda kabla mchezo haujaanza. Keshokutwa inafanya kazi saa tatu bila kasoro. Hapo ushauri huanza kumiminika. Mmoja hulaumu umeme, wa pili hulaumu vumbi jekundu, wa tatu hutaka ubao mama ubadilishwe, na wa nne hufuta kila kitu na kuweka programu endeshi upya. Fedha hwisha, ugonjwa hubaki.

Kinachokosekana hapo si fundi wala fedha, bali ni utaratibu wa uchunguzi. Utaratibu huo ni ule ule ambao mwanafunzi hufundishwa katika maabara ya fizikia: badili jambo moja tu kwa wakati mmoja, na andika kilichotokea.

Ugonjwa wa namna hii, unaokuja na kuondoka, aghalabu hutokana na kumbukumbu, yaani vibao vyembamba ambavyo mafundi huviita RAM. Kumbukumbu ya gigabaiti 16 ina seli zaidi ya bilioni 137. Kila seli huhifadhi chaji ndogo mno ya umeme inayovuja daima, na kwa hiyo sharti ijazwe upya mara nyingi katika kila sekunde. Seli moja ikiwa dhaifu, kompyuta huendelea vizuri mpaka programu itakapohitaji seli ile. Ndiyo maana mashine hukwama leo na kupona kesho bila kuguswa na mtu.

Uchunguzi uanze na yale yasiyogharimu kitu. Kwanza, umeme ukiwa umekatwa, vibao vichomolewe na kuingizwa tena mpaka vishike barabara. Kibao kilichoingia nusu ni chanzo cha kawaida cha matatizo. Pili, kasi irudishwe katika mpangilio wa kawaida. Kasi iliyoandikwa kwenye boksi mara nyingi si ya kiwango cha kawaida, bali ni ya juu zaidi, nayo huwashwa na mtumiaji mwenyewe. Kumbukumbu za aina ya DDR4, kwa mfano, hutumia volti 1.2 katika kiwango cha kawaida, lakini nyingi zinazouzwa kwa wachezaji huhitaji volti 1.35 ili zifikie kasi hiyo. Si kila prosesa wala kila ubao mama huistahimili.

Tatu, itumike programu ya kupima kumbukumbu. Ipo MemTest86, iliyoanzishwa mwaka 1994 na Chris Brady, ambayo ina toleo la bure na huendeshwa kutoka kwenye flashi. Iachwe ifanye kazi usiku kucha. Hapa hakuna alama ya wastani: kosa moja tu latosha kuonyesha kwamba mashine si ya kuaminika.

Makosa yakionekana, vibao vipimwe kimoja kimoja katika nafasi ile ile, kisha kila kibao kihamishiwe nafasi nyingine. Kosa likimfuata kibao, kibao ni kibovu. Likibaki katika nafasi moja hata kibao kikibadilishwa, nafasi hiyo au ubao mama ndio wa kutiliwa shaka. Vikiwa salama peke yake lakini vikashindwa pamoja, au vikashindwa katika kasi kubwa tu, basi pengine havipatani au mpangilio umezidi uwezo. Na kumbukumbu ikipita mtihani wote bila kosa, uchunguzi uhamie kwenye kifaa cha kugawa umeme, joto na diski.

Vumbi la Karatu na umeme usiotulia si visingizio vitupu. Vumbi huziba feni, na hewa ya mwinuko wa mita 1,500, au mita 2,300 kwenye ukingo wa kreta ya Ngorongoro, ni nyepesi kuliko ya pwani, hivyo hubeba joto pungufu. Lakini dhana hizo nazo zipimwe. Feni isafishwe na joto lisomwe kabla ya kutoa hukumu.

Mfano wa subira hiyo uko jirani. Huko Oldupai, ndani ya eneo la Ngorongoro, Mary Leakey aligundua fuvu la Zinjanthropus mwaka 1959. Mwaka 1961 miamba ya volkano ya tabaka lile ilipimwa na kuonyesha umri wa miaka takriban milioni 1.75. Kipimo hicho kilikuwa na maana kwa sababu tabaka la fuvu lilijulikana. Mfupa uliong'olewa bila kuandikwa tabaka lake hupoteza nusu ya habari zake. Vivyo hivyo, sehemu tatu za kompyuta zikibadilishwa siku moja, hata mashine ikipona hakuna ajuaye ni ipi iliyokuwa mbovu.

Wapo watakaosema kwamba kompyuta ya michezo haistahili muda wa mwalimu. Lakini mashine inayochezewa usiku ndiyo huandikiwa kazi mchana, na kumbukumbu mbovu si lazima iizime. Yaweza kubadili tarakimu kimya kimya. Alama 37 huhifadhiwa kama jumla ya 32, 4 na 1. Ikipotea ile 32, mwanafunzi hubaki na alama 5. Mwaka 2003, katika uchaguzi wa Schaerbeek nchini Ubelgiji, mgombea mmoja alizidishiwa kura 4,096, yaani 2 kwa kipeo cha 12. Kosa lilifikiriwa kuwa ni kugeuka kwa tarakimu moja tu ndani ya kumbukumbu, na liligunduliwa kwa kuwa kura hizo zilizidi kiasi kilichowezekana. Richard Hamming alieleza tangu mwaka 1950 namna ya kusahihisha makosa kama hayo, lakini kompyuta nyingi za nyumbani huuzwa bila kinga kamili ya aina hiyo.

Kwa hiyo yafaa kila shule yenye kompyuta iwe na flashi ya kupimia kumbukumbu na daftari la uchunguzi. Mashine mpya ipimwe usiku mmoja kabla dhamana ya muuzaji haijaisha, na wanafunzi ndio waipime. Kijana aliyefanya hivyo atarudi dukani Arusha na kibao kimoja mkononi na daftari lenye ushahidi, wala mzazi hatalazimika kuuza gunia jingine la vitunguu kununua ubao mama usiohitajika. Mwenda pole hajikwai.