Mzee wa miaka 19 katika nchi ya wazee: Mtihani wa wamishonari Wamormoni Meru na Embu

KIJANA aliyevaa shati jeupe na tai anaposhuka matatu mjini Embu au Meru, wapita njia humdhania karani wa benki au ajenti wa bima. Akikaribia, wanasoma kibandiko cheusi kifuani mwake. Kina jina lake la ukoo na, mbele yake, cheo ambacho tafsiri rasmi za Kiswahili za kanisa lake hukiita Mzee. Mwenye cheo hicho huenda ana umri wa miaka 19, na ndevu bado zinamsumbua kuota.

Hapo ndipo mtihani wa siku za kwanza unapoanzia, kabla hajafungua kitabu wala kutamka sala.

Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambalo wengi wangali wanaliita la Wamormoni licha ya aliyekuwa rais wake, Russell Nelson, kusihi mwaka wa 2018 kwamba jina hilo la mkato liachwe, si geni nchini. Lilisajiliwa rasmi Februari 1991 na mwaka huo huo likaunda misheni yake ya Nairobi. Kitabu cha Mormoni kilitolewa kwa Kiswahili mwaka wa 2000. Mwaka wa 2009, Joseph Sitati, mzaliwa wa Bungoma, aliteuliwa miongoni mwa viongozi wakuu wa kanisa hilo duniani. Mnamo Mei 2025 hekalu lao la kwanza nchini liliwekwa wakfu jijini Nairobi.

Lakini hekalu la Nairobi ni kitu kimoja, na kubisha hodi katika boma la mkulima wa Runyenjes au Nkubu ni kitu kingine kabisa.

Tangu Oktoba 2012, kanisa hilo huruhusu wavulana kwenda misheni wakiwa na umri wa miaka 18. Wavulana hutumika kwa miezi 24, wasichana kwa miezi 18. Hawachagui pa kwenda. Huamka saa kumi na mbili unusu asubuhi, husoma, kisha hutoka wawili wawili, na hakuna anayeruhusiwa kumwacha mwenzake. Mwenzi huyo pia amechaguliwa na wakubwa. Anaweza kuwa Mmarekani asiyejua neno la Kiswahili zaidi ya jambo, au kijana wa taifa jingine la Afrika aliyekulia katika Kifaransa. Hadi Februari 2019 waliruhusiwa kuzungumza na wazazi kwa simu mara mbili tu kwa mwaka, Krismasi na Siku ya Akina Mama. Sasa wanaweza kupiga kila wiki. Kwa mama aliyemtuma kifungua mimba wake nchi asiyoijua, badiliko hilo si dogo.

Turudi kwenye cheo. Katika jamii ya Wameru, uzee hauji kwa barua kutoka Salt Lake City. Mtu hupitia tohara, huoa, huzaa, hutoa mifugo inayotakiwa, na akiwa na busara ya kutosha hukaribishwa hatua kwa hatua katika mabaraza yanayofikia kilele chake katika Njuri Ncheke. Baraza hilo, lenye madhabahu yake Nchiru, hadi leo huamua mizozo ya ardhi, na wanasiasa huzitafuta baraka zake kila uchaguzi unapokaribia. Kijana ambaye hajaoa anapojitambulisha kama mzee mbele ya mtu aliyesubiri nusu ya maisha yake kuitwa hivyo, kicheko ndicho jibu la upole kuliko yote anayoweza kupata.

Wamishonari werevu hulitambua hilo mapema. Humwamkua mwenye boma kwanza, humwacha aulize maswali yake yote kuhusu ukoo na nyumbani kwao, na cheo hubaki pale kwenye kibandiko. Anayejua kusema "Muga" akiingia ameshapata kiti. Anayeanza na mahubiri husikilizwa akiwa amesimama.

Kisha huja chai.

Hakuna somo la darasani linalomwandaa kijana ipasavyo kwa jambo hili. Kanuni ya afya ya kanisa hilo, iliyoanzia mwaka wa 1833, inakataza pombe, tumbaku, kahawa na majani ya chai. Meru na Embu nazo ni nchi ya majani chai na kahawa. Miteremko ya Mlima Kenya upande huu ndiyo inayolisha viwanda vya Mungania na Rukuriri huko Embu, na vya Githongo na Kionyo huko Meru. Chini kidogo ya ukanda wa chai kuna mibuni iliyosomesha vizazi viwili vya madaktari, walimu na mawakili. Mgeni akiingia, maziwa na majani huwekwa pamoja jikoni kabla hata hajaulizwa alikotoka. Kukataa kikombe hicho ni kukataa jasho la mwenye nyumba, na mama aliyeamka alfajiri kuchuma majani hayo ana haki ya kuuliza ni Mungu gani anayechukizwa na zao linalolipa karo.

Wapo wanaojiokoa kwa kuomba uji au maziwa matupu, vitu ambavyo kanuni yao haivigusi. Ni njia ya busara, ila haijibu swali la mama yule. Kinachokatazwa ni kunywa, lakini mkulima anayefikiria kujiunga nalo hawezi kukwepa kujiuliza: nikiamini kwamba si vyema mimi ninywe, nitamuuziaje jirani?

Ukipanda Igembe na Tigania swali hilo huwa zito maradufu, kwani huko miraa ndiyo benki. Teremka Mbeere, kaunti ya Embu, ukute muguka. Wakulima wa mazao haya wana kumbukumbu chungu ya watu wa nje wanaokuja kuwaeleza ubaya wa mmea wao: Uholanzi ilipiga miraa marufuku mwaka wa 2013, Uingereza ikafuata 2014, na Mei 2024 kaunti za Pwani zikiongozwa na Mombasa zikajaribu kuufungia muguka, hatua iliyozua ghadhabu Embu hadi Ikulu ikaingilia. Kijana mgeni atakayefungua kinywa juu ya mazoea mabaya katika wiki yake ya kwanza atahesabiwa upande wa Mombasa na London, apende asipende.

Ikumbukwe kuwa eneo hili halina njaa ya makanisa. Waanglikana walifika Kigari, Embu, mwaka wa 1910. Mapadre wa Consolata na Wamethodisti waliingia Meru miaka michache tu baadaye, nao Waskoti wakajikita Chogoria, alikohamia Daktari Clive Irvine mwaka wa 1922. Waliokuja enzi zile walijifunza Kimeru na Kiembu, wakaishi miaka mingi, na kila mmoja aliacha kitu cha kushikika kwa mkono: shule, hospitali, chuo cha ualimu. Kwa sababu hiyo mtu wa Chogoria au Maua anapouliza "nyinyi mmekuja na nini?" hana nia ya kufanya utani. Anapima mgeni kwa kipimo alichorithi kwa babu yake. Mmishonari wa leo amekuja na kitabu, baiskeli pengine, na amri ya kutogawa pesa. Vijana wasio na kazi wanaomfuata wakitarajia ufadhili wa masomo au njia ya kwenda Marekani huvunjika moyo upesi, na baadhi yao huondoka kabla ya kufikia ubatizo.

Kuna jambo jingine ambalo wamishonari wa kabla ya mwaka wa 2023 hawakulikuta. Tangu makaburi ya Shakahola, kaunti ya Kilifi, yafukuliwe na miili zaidi ya 400 kupatikana, Mkenya akisikia dini asiyoijua vyema hutazama kwanza watoto wake wako wapi. Upande huu wa mlima una sababu zake pia: wafuasi wa Kavonokia, wanaokataa matibabu ya hospitali, wanajulikana tangu zamani Tharaka na vijiji jirani. Jopo lililoundwa na serikali baada ya Shakahola liliongozwa na Kasisi Mutava Musyimi, ambaye aliwahi kuwa mbunge huku huku Embu, na lilipotoa ripoti yake mwaka wa 2024 lilipendekeza sheria mpya ya kusimamia mashirika ya kidini. Katiba ya 2010, kifungu cha 32, inalinda uhuru wa kuabudu na kuhubiri. Chifu anayemwuliza kijana stakabadhi zake havunji katiba, mradi anamwuliza kila mhubiri swali hilo hilo, wakiwemo wale wenye vipaza sauti sokoni Gakoromone.

Kwa haki, yapo mambo yanayolitenga kanisa hili na genge la Mackenzie, na ni vyema kuyasema waziwazi. Halimkatazi mtu hospitali wala shule. Halimbatizi mtoto bila ridhaa ya wazazi. Haliwabatizi wanaoishi pamoja bila ndoa halali, na hapa ndipo kijana wa miaka 19 hujikuta akitembea juu ya miiba. Ndoa za njoo tuishi ni nyingi. Mahari haijamalizwa, wakati mwingine haijaanzwa. Yeye anawahimiza waende kwa msajili. Wazee wa ukoo wanauliza msajili ataandikaje ndoa ambayo mbuzi wake hawajaonekana. Mwenye wake wawili, ambaye Sheria ya Ndoa ya 2014 inamtambua chini ya mila, naye hupata mlango umefungwa, na akiwa amesoma historia atakumbusha kwamba kanisa hilo hilo liliruhusu wake wengi hadi mwaka wa 1890.

Swali la rangi haliepukiki pia. Hadi Juni 1978 wanaume weusi hawakupewa ukuhani katika kanisa hili. Kanisa lenyewe liliandika mwaka wa 2013 kwamba linazikana nadharia zilizotumiwa kuhalalisha ubaguzi huo. Mmarekani mweupe akiulizwa hilo sebuleni Embu hubadilika rangi. Mwenziwe Mwafrika ana kazi ngumu zaidi, kwani anatakiwa kueleza kwa nini yeye, miongoni mwa watu wote, amevaa kibandiko kile. Walioketi naye hupima jibu lake kwa uso wake kuliko maneno, na uso wa miaka 19 haujui bado kuficha kitu.

Udhaifu mkubwa wa mpango wenyewe, hata hivyo, si umri. Ni uhamisho. Kila baada ya wiki sita hivi, wakubwa wa misheni hupanga upya nani akae wapi, na baada ya miezi michache kijana hufungasha. Kimeru cha Imenti alichoanza kukiokota hakitamfaa sana Embu, na Kiembu hakitamfaa kitu akipelekwa magharibi mwa nchi. Kiswahili humvusha mjini, dukani na kwa vijana. Kwa bibi wa Mwimbi anayetaka kuzungumza juu ya kifo cha mumewe, Kiswahili ni lugha ya kituo cha polisi. Irvine alikuwa na miaka ya kukaa na bibi kama huyo. Mzee huyu wa shati jeupe amepewa wiki sita kwa wiki sita, na siku anayojua hatimaye ni boma lipi lina mbwa mkali na ni lipi huweka maziwa kando kabla ya kutia majani, ujumbe huingia katika simu ya mwenzake: Jumatano asubuhi awe kwenye kituo cha matatu na sanduku lake.