Kompyuta Imekwisha Sema Kosa Lake, Mbona Unamgombeza Mtoto?



Ndugu wasomaji wa jarida letu, wazazi pamoja na wanafunzi, nina jambo moja la kusema katika ukurasa huu wa maoni, na sehemu yake ni kukiri kosa langu mwenyewe. Maoni yangu ni kwamba kompyuta inapokataa kazi, mara nyingi huwa imekwisha andika sababu yake pale pale kwenye kioo. Sisi watu wazima hatuusomi ule ujumbe. Tunamgeukia mtoto aliyekaa mbele yake. Hilo nimelifanya mimi, hapa hapa madrasa yetu ya Kashaulili, na limetugharimu.

Wengi mnaijua ile kompyuta ya mezani iliyoko ofisini. Ni ya mtumba, tuliletewa na mzazi mmoja, Mungu amlipe kheri, nayo ilikuja na Windows 7. Kazi yake ilikuwa kuandikia barua za wazazi na kuhifadhi rejista ya wanafunzi na ada. Mwaka 2023 vijana wetu watatu wakubwa waliomba ruhusa waitumie baada ya Alasiri kujifunza kuandika programu. Walikuwa na shabaha nzuri. Kalenda iliyoko ukutani ni ya Dar es Salaam, na Mpanda iko magharibi ya Dar es Salaam kwa nyuzi 8 na kidogo. Kila nyuzi 1 ni dakika 4, kwa hiyo jua letu linachelewa kwa zaidi ya nusu saa, na kila mwezi tumekuwa tukisahihisha nyakati za swala kwa penseli. Vijana walitaka kompyuta ikokotoe nyakati za Mpanda yenyewe.

Wakachagua lugha ya Python, ambayo haiuzwi, mtu yeyote anaipakua bure. Wakachanga bando, wakaunganisha simu na kompyuta, wakapakua toleo jipya kabisa. Walipolifungua, likakataa kuingia. Dirisha likatoka na maneno ya Kiingereza, na mmoja wao akaja kuniita.

Nilipofika sikusoma kitu. Niliona neno la kushindwa, nikaona sura za vijana zimebadilika, nikahitimisha kuwa wameiharibu kompyuta ya madrasa. Aliyekuwa ameshika panya nilimsema mbele ya wenzake. Kesho yake kompyuta ikapelekwa kwa fundi mjini, naye bila kuiangalia sana akasema imeingia virusi, dawa yake ni kupiga Windows upya. Akaipiga. Ilirudi safi kama sahani iliyooshwa: rejista ya miaka minne haikuwemo, wala kumbukumbu za ada, wala barua. Nakala hatukuwa nayo popote. Fundi simlaumu peke yake, maana hakuna aliyemwambia kuna nini ndani, na aliyepaswa kumwambia ni mimi.

Vijana wakajaribu tena. Dirisha lile lile, maneno yale yale.

Safari hii yule niliyemsema akaniomba, kwa adabu kubwa, tukae tuyasome pamoja na kamusi. Yalikuwa maneno machache. Yalisema kwamba toleo hilo la Python linahitaji Windows 8.1 au mpya zaidi, na kwamba mwenye Windows ya zamani apakue toleo la nyuma. Basi! Ugonjwa na dawa yake viliandikwa pamoja tangu siku ya kwanza. Python 3.8 ndilo toleo la mwisho linalokubali Windows 7, kuanzia 3.9 halikubali. Tukapakua 3.8, faili lisilofika hata megabaiti 30, likaingia kwa dakika chache.

Hapo ndipo nilipoona aibu. Niliwaita wale wenzake, nikamwomba radhi mbele yao, kwa kuwa nilimsema mbele yao.

Nawaeleza wazazi kidogo, kwa sababu najua wengine watoto wao nao wanajifunza nyumbani au vyuoni. Kosa lililofuata lilikuwa dogo na linawapata karibu wote wanaoanza. Programu imeingia, lakini ukiiita kwa jina katika dirisha jeusi la amri, Windows inasema haiitambui. Watu hapo huifuta na kuiingiza tena, mara tatu, mara nne. Lakini programu ipo. Ni kama mwanafunzi aliyekaa darasani huku jina lake halimo katika rejista: mwalimu akiita majina, huyo haitwi. Windows ina orodha ya makabati inamotafuta programu, na wakati wa kuingiza Python kuna kisanduku kidogo chini kabisa ya dirisha la kwanza kinachouliza kama uiandike katika orodha hiyo. Kinakuja bila alama. Usipokitia alama, ndiyo matokeo yake hayo.

Lililotusumbua kwa wiki nzima lilikuwa jingine. Vijana walitaka kuongeza maktaba ya ziada kutoka intaneti, na kila wakijaribu walikataliwa. Ujumbe ulisema cheti cha mtandao ule hakikuthibitika. Bando lipo, simu inafungua kila kitu, kompyuta inakataa. Ajabu ni kwamba baadhi ya siku ilikubali. Mmoja akasema labda ni mitambo ya mnara, mwingine akasema inakubali siku za Ijumaa tu, tukacheka.

Huyo wa Ijumaa, kwa mzaha wake, ndiye aliyetufikisha. Tulipoanza kuandika siku ilipokataa na siku ilipokubali, tukaona inakataa kila baada ya umeme kukatika. Na kila umeme ukikatika, saa ya kompyuta ilirudi nyuma hadi mwaka 2009.

Sasa tuangalie kuna uhusiano gani kati ya saa na mtandao. Kompyuta inapokwenda kwenye mtandao wa siri, ule wenye alama ya kufuli, huonyeshwa cheti. Cheti hicho kimetiwa saini na mtoaji fulani, naye ametiwa saini na mwingine, mpaka wafike kwa mmoja ambaye kompyuta inamjua na kumwamini tangu ilipotengenezwa. Wanafunzi wa hadithi wataelewa haraka: ni isnadi. Akikosekana mpokezi mmoja katikati, au asijulikane, mapokeo hayakubaliwi, hata kama maneno yenyewe ni mazuri. Na kila cheti kina tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha. Vile vinavyotolewa bure na shirika la Let's Encrypt, kwa mfano, vimekuwa vya siku 90. Kompyuta inayodhani huu ni mwaka 2009 ikionyeshwa cheti cha mwaka 2023 inasema, na inasema kweli kwa ilivyojua, kwamba cheti hiki bado hakijaanza kutumika.

Kosa la aina hii liliwahi kuigusa dunia nzima. Tarehe 30 Septemba 2021 mzizi mmoja wa zamani uliokuwa ukitegemewa na vyeti vya Let's Encrypt ulimaliza muda wake. Simu na kompyuta kuukuu ambazo hazikuwa na mzizi mpya zilianza kukataa mitandao iliyokuwa mizima kabisa. Wenye vifaa hivyo walidhani mitandao imekufa.

Kwetu dawa ilikuwa betri. Ndani ya kompyuta ya mezani, juu ya ubao mkuu, kuna betri ya duara kama kifungo cha koti, imeandikwa CR2032, ya volti 3. Kazi yake ni kuifanya saa iendelee kutembea wakati kompyuta haina umeme. Yetu ilikuwa imekufa. Mpanda kwa miaka mingi ilitumia umeme wa majenereta ya dizeli, nje ya gridi ya taifa, na mwenye kuishi hapa hahitaji kusimuliwa habari za kukatika umeme. Mahali ambapo umeme haukatiki, betri kama hiyo inaweza kufa na mwenyewe asijue kwa mwaka mzima. Tulizima kompyuta, tukachomoa waya, tukaitoa, tukatia mpya, tukasahihisha tarehe. Bei yake ilikuwa ndogo kuliko mabando tuliyopoteza tukijaribu, sembuse fedha tulizompa fundi.

Kuna makosa mengine ya kuunganika ambayo watu huyaita yote kwa jina moja, "mtandao unasumbua", kumbe kila moja lina maana yake. Chukulia mgeni ameshuka kwenye treni stesheni ya Mpanda anamtafuta mwenyeji wake. Akiuliza jina na hakuna anayelijua, hilo ni lile kosa linalosema jina la mashine halikupatikana: ama umekosea herufi, ama anayetafsiri majina hafikiki. Akiwa njiani kuelekea huko na njia haina mwisho, akazunguka mpaka akachoka, hilo ni lile la muda kwisha: kuna mahali njia imekatika au kuna ukuta unaoumeza ujumbe bila kujibu. Lakini akifika nyumbani kwenyewe, akabisha, akaambiwa hapa chumba hicho hakina mtu, hilo ni la kukataliwa. Huyo amefika! Mara nyingi kinachotakiwa ni kuiwasha programu ya upande wa pili, au kusahihisha namba ya mlango. Kijana anayejifunza akiona kukataliwa kwenye anwani 127.0.0.1 asikimbilie kununua bando, maana anwani hiyo ni kompyuta kujiita yenyewe. Intaneti haihusiki hata kidogo.

Na kuna siku kosa haliko kwako, wala haliko Mpanda. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa kusini, pwani ya Afrika Kusini. Nchi yetu na majirani zetu wakadorora. Siku hiyo vijana wetu walikuwa wameanza kupakua kitu, kikagoma. Nilikuwepo. Hakuna aliyefuta programu, hakuna aliyetaja virusi. Mmoja akaangalia saa, iko sawa. Mwingine akajaribu kwa simu ya laini nyingine, nayo hoi. Wa tatu akasema, "Ustadh, hili si letu, tungoje." Wakafunga, wakaenda kucheza mpira. Reli ikikatika kati ya Kaliua na Mpanda, hakuna faida kumfokea mpagazi wa stesheni.

Nayasema haya kwa sababu nasikia wazazi wakisema kompyuta ni ya kuangalia, isiguswe na mtoto. Mtoto aliyegombezwa kwa ujumbe wa kosa hujifunza kitu kimoja tu, kuufunga ule ujumbe haraka kabla hujauona. Mwambie akusomee. Hata kama hujui Kiingereza, mwambie akufasirie kwa Kiswahili neno kwa neno. Katika kufasiri huko yeye mwenyewe ataliona jibu, kama alivyoliona yule wetu.

Kwa kamati ya madrasa nina maombi. Rejista inayoandikwa upya sasa iwe na nakala mbili, moja kwenye flashi inayokaa nyumbani kwa mweka hazina. Faili tunazopakua zihifadhiwe, zisipakuliwe tena na kila mtoto kwa bando la mzazi wake. Python ni ndogo, lakini Android Studio peke yake inapita gigabaiti 1, na umeme ukikatika katikati pengine unaanza mwanzo. Faili lililopokewa kwa flashi lihakikiwe alama yake, kwa sababu likipungua herufi moja si lile tena, na wanaohifadhi juzuu wanalijua jambo hilo kuliko mimi. Na ile Windows 7, ambayo watengenezaji wake waliacha kuihudumia tangu Januari 2020, tuiondoe tuweke Linux, ambayo ni bure na ni halali. Diski aliyotumia fundi sikuuliza ilitoka wapi, na najua kwa nini sikuuliza. Programu zilizovunjwa kufuli zina mwenyewe aliyeibiwa, na mara nyingi ndizo zinazobeba hivyo virusi tunavyovisingizia kila kitu.

Programu ya nyakati za swala inafanya kazi. Dakika zake za Magharibi tumezilinganisha na jua lenyewe kwa siku kadhaa. Yule kijana ameanzisha daftari la makosa: upande wa kushoto ujumbe ulivyosema, upande wa kulia ulimaanisha nini na tulifanya nini. Liko kwenye droo ya meza ya kompyuta, mwanafunzi yeyote aruhusiwe kulisoma na kuongeza lake. Ukurasa wa mwisho una ujumbe upande wa kushoto tu, unahusu printa, na tumeukalia wiki ya pili sasa. Mzazi mwenye kuufahamu apite ofisini jioni yoyote baada ya Alasiri.