Kutengeneza si Kugeuza

Upo ugonjwa unaowapata wapenzi wa vitu vya kale. Mtu hununua kitu kwa sababu ni cha kale, kisha hapati raha mpaka amekiondolea ukale wake. Ugonjwa huu waonekana katika nyumba, katika vitabu na katika vyombo vya muziki. Lakini mimi nataka kuusema katika baiskeli ya gurudumu kubwa, ile ambayo gurudumu lake la mbele humfika mtu mzima kifuani, na la nyuma halimfiki gotini. Nimeichagua kwa sababu katika chombo hicho kosa hudhihirika upesi, na kwa sababu wanaolitenda hujiita waokoaji.

Yafaa kwanza tukijue chombo chenyewe. Mwaka 1869 Eugène Meyer wa Paris alisajili gurudumu la spoku za waya. Mwaka uliofuata, 1870, James Starley na William Hillman wa Coventry, Uingereza, walisajili baiskeli yao iliyoitwa Ariel. Waya mwembamba hauwezi kusimama chini ya mzigo, lakini ukikazwa waweza kuvuta. Na kwa hila hiyo gurudumu liliweza kuwa kubwa bila ya kuwa zito. Baiskeli hii haina mnyororo. Pedali zimeshikamana na ekseli ya gurudumu la mbele, hata mzunguko mmoja wa mguu ni mzunguko mmoja wa gurudumu. Gurudumu lenye kipenyo cha inchi 54 humpeleka mpandaji kiasi cha meta 4.3 kwa kila mzunguko. Aliyetaka mwendo alitaka gurudumu kubwa, na mpaka wa ukubwa ulikuwa urefu wa mguu wake; kwa hiyo baiskeli ilichaguliwa kwa kipimo cha mtu kama kiatu. Kisha mwaka 1885 John Kemp Starley, mpwa wa James, alitoa Rover, yenye mnyororo na magurudumu yanayokaribiana kwa ukubwa. Na mwaka 1888 Dunlop alileta tairi la upepo. Baada ya miaka michache gurudumu kubwa likawa halina soko. Zilizosalia leo ni wazee waliopita miaka 130, wala hawazai tena.

Basi wazee hawa hutendewa nini? Mnunuzi huanza kwa msasa: rangi ya kwanza huondoka, na pamoja nayo mistari myembamba iliyochorwa kwa mkono. Kisha hushika tupa, na chapa ya kiwanda na nambari ya chombo hufutika kwa kutafuta ulaini. Uti wa chuma hutobolewa ili upitishe waya wa taa ya umeme. Uma wa mbele hukatwa, kwa kuwa bwana mwenye mali ana miguu mifupi na amenunua baiskeli ya mtu mrefu. Mwisho chombo chote huvishwa kromi, kikang'aa kama kijiko cha harusi, na mwenyewe husimama kando yake apigwe picha, akisema, "Nimeitengeneza."

Hakuitengeneza, ameigeuza. Kila sehemu ya chombo cha kale ni mstari wa maandishi kwa ajuaye kusoma. Spoku zikitoka katika kitovu cha gurudumu na kunyoka moja kwa moja mpaka kwenye rimu, zina habari yake. Zikipita kwa mshazari, zina habari nyingine, kwa kuwa Starley alisajili mpango huo wa mshazari mwaka 1874. Mabaki ya rangi chini ya kiti hutuambia mnunuzi wa kwanza alichagua nini. Hata mng'aro una tarehe yake: mafundi wa zama zile walitumia nikeli, kromi haikuingia katika biashara ila baada ya mwaka 1920. Aliyeipaka kromi baiskeli ya mwaka 1884 ameandika uongo juu ya chuma, na uongo huo utasomwa na watu wasioweza kumuuliza.

Sisi tunaofundisha lugha twalijua kosa hili kwa jina jingine. Mtu akipewa mswada wa utenzi wa kale ulioandikwa kwa herufi za Kiarabu, akakuta neno asilolielewa, akalikwangua na kuandika neno alipendalo, wala asionyeshe alipobadili, hatumwiti mhariri. Twamwita mharibifu, na twamnyima cheti. Kwa nini basi tendo tunalolilaani juu ya karatasi tulisifu juu ya chuma?

Najua majibu yao. Wa kwanza husema, "Ni mali yangu." Sibishani na hati yake ya kununulia. Lakini chombo kilichokwisha kuwazika wenye nacho wengi kitamzika na yeye pia. Zamu yake ya kukishika ni fupi, na ubovu aufanyao katika zamu hiyo ni wa daima. Rangi ya kwanza ikishaondoka hairudi.

Wa pili ana hoja yenye nguvu zaidi. Husema kwamba tangu mwanzo baiskeli hizi zilifanywa kwa matakwa ya kila mtu. Ni kweli, na nakubali: mnunuzi alichagua ukubwa wa gurudumu, alichagua nikeli au rangi, na mikono ya pedali za baiskeli nyingi ilikuwa na ufa wa kusogezea pedali karibu na ekseli au mbali nayo. Lakini hoja hii yamgeukia mwenyewe. Fundi wa kale aliacha nafasi ya kubadili, na akaiwekea mpaka. Asogezaye pedali ndani ya ufa ule amemtii fundi. Akataye uma amemwasi. Mwenye miguu mifupi na atafute gurudumu dogo, maana yalikuwapo.

Wa tatu hutaja usalama, akataka breki kali za kisasa. Huyu hakijui chombo chake. Mpandaji wa gurudumu kubwa huketi karibu juu ya ekseli ya mbele. Gurudumu hilo likizuiwa ghafula, kwa jiwe au kwa breki, chombo chote hupinduka juu ya ekseli hiyo na mtu hutangulia kichwa. Ndiyo sababu wapandaji wa zamani, waliposhuka mlima, waliweza kuipitisha miguu yao juu ya usukani, ili wakirushwa waangukie miguu. Breki kali katika gurudumu la mbele si dawa ya anguko hilo. Yaweza kuwa sababu yake.

Simwambii mtu aiache baiskeli iliwe na kutu. Mpira uliopasuka na ubadilishwe; spoku iliyokatika na itiwe nyingine; kutu ilayo na izuiwe. Lakini fundi na ashike mambo matatu: akome pale ambapo ujuzi wake huisha na kubahatisha huanza, akihifadhi kila alichokitoa, na sehemu mpya aitie alama ijulikane kuwa ni mpya. Sheria hizi sikuzitunga mimi. Mkataba wa Venice wa mwaka 1964 juu ya majengo ya kale wafundisha kukoma mbele ya kukisia, na kuifanya nyongeza itambulike. Na kabla yake, mwaka 1877, William Morris alianzisha jijini London chama cha kuyalinda majengo ya kale na waliojidai kuyarudisha upya. Wakati ule ule Coventry ilikuwa ikiunda magurudumu haya makubwa.

Mwenye hamu ya kubuni ana njia ya halali: na aunde mpya. Mwingereza Joff Summerfield aliunda yake kwa mikono yake, akaizunguka dunia nayo kati ya mwaka 2006 na 2008. Alijipatia chombo kilichomfaa, na hakuna mzee hata mmoja aliyekatwa mguu kwa ajili ya safari yake.

Wahenga walituasa tusiache mbachao kwa msala upitao. Fundi wa leo amezidi: mbachao hakuuacha, ameukata ili aushone uwe msala, na sasa hana hiki wala hicho. Mwanafunzi utakayekabidhiwa kitu cha kale, kiwe baiskeli au kiwe mswada, kwanza kisome. Kama hujui kukisoma, weka tupa chini.