Vumbi la Unga

Watu wengi hudhani ya kuwa unga ni kitu kipole, kisichoweza kumdhuru mtu ila akila kupita kiasi. Mimi sikubali. Tena nasema kwamba katika kinu cha kusaga nafaka mwenye ufagio astahili heshima sawa na fundi wa mitambo.

Tazameni gogo la mkwaju. Likitiwa motoni jioni, laweza kufuka hata alfajiri. Lakini gogo lile lile likipasuliwa vibanzi, huteketea upesi. Mti ni ule ule. Ila moto hula mahali mti unapokutana na hewa, yaani usoni pake, si ndani. Chongeni kipande cha muhogo kama dadu, kila upande inchi 1: nyuso zake zote pamoja ni inchi za mraba 6. Kikateni vipande 8 vilivyo sawa. Muhogo haukuongezeka, lakini nyuso sasa ni inchi za mraba 12. Fikirini basi zitakavyokuwa mkiusaga hata uwe unga!

Labda mmoja wenu atasema, "Mbona nilitia kijinga cha moto katika lundo la unga, nao ukaungua juu tu?" Ni kweli, kwa kuwa hewa haipenyi ndani ya lundo. Hatari ni pale unga unapoelea katika nyumba iliyofungwa, kila chembe imezungukwa na hewa. Hapo cheche moja yatosha. Chembe huwashana karibu kwa mara moja, hewa hupata moto na kutanuka, na kuta hupasuka.

Ndivyo ilivyokuwa katika mji wa Minneapolis, Marekani, jioni ya tarehe 2 Mei 1878. Kinu kikubwa kilichoitwa Washburn A kililipuka, watu 18 wakafa, na vinu vya jirani vikateketea. Hapakuwa na baruti; palikuwa na vumbi la ngano. Kilipojengwa tena kilitiwa vyombo vya kuondoa vumbi.

Nasi mara nyingi humlipa fundi vizuri, lakini mfagiaji huajiriwa mwisho na kufukuzwa kwanza. Naona huko ni kukosa hesabu. Apewe ufagio laini, asitimue vumbi, na ngazi ya kufikia juu ya boriti, ambako vumbi hutulia bila kuonekana. Na mtu akiingia na sigara, hata akiwa ni tajiri mwenye kinu, mfagiaji awe na ruhusa ya kumtoa nje.