Lakiri ya Lusahunga
Pale Lusahunga, malori ya Rwanda na Burundi hupumzika makontena yakiwa na lakiri. Dereva anafungua sanduku la spana, anajaza dizeli, kontena haligusi. Lugha ya programu ya Rust nayo ina lakiri yake, Pin, tangu toleo la 1.33 la Februari 2019: data iliyobanwa haihamishwi kwenye kumbukumbu, maana huenda ndani yake kuna kielekezi kinachoielekea yenyewe; ikihama, kielekezi kinabisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa. Basi mwandishi wa programu aamue mapema, kwa kila sehemu ya data hiyo: ipi ibaki imebanwa, ipi iguswe kawaida, wala asigeuke njiani. Lakiri inayofunga hata tangi la dizeli haitafika Kigali.