Mgeni kaja, mwenyeji kaumbuka!

Wapenzi wasomaji, aibu ziko za aina nyingi, lakini hii ya kuulizwa na mgeni habari za mji wako mwenyewe, ukabaki unatoa macho kama panya aliyenaswa kwenye pipa la unga, usiombe ikukute.

Mwenzenu nipo Dodoma tangu mwaka 2019. Nilimfuata mwenzangu aliyehamishwa kikazi, enzi zile kila ofisi inafunga virago Dar baada ya hayati Rais Magufuli kutangaza mwaka 2016 kwamba Serikali inahamia huku. TANU ilikuwa imeamua jambo hilo tangu 1973, sisi vijana wa mjini tukalichukulia kama utani. Na miaka yote hii, ukiniuliza Dodoma kuna nini, jibu langu ni moja: vumbi, jua na nyama choma.

Siku hizi ongeza kelele. Sensa ya 2012 ilikuta watu 410,956 katika mji huu, ya 2022 ikakuta 765,179. Basi hesabu mwenyewe bodaboda, malori ya kokoto na spika za maduka ya simu. Kule kwetu mashine ya zege inaanza kunguruma kabla jogoo hajajua kama kumekucha.

Sasa mwezi wa tatu akaja dada mmoja kutoka Nairobi, tunafahamiana kwa mambo ya kazi. Kaja kwenye semina ya siku nne. Alitua Dar, akapanda ile treni ya umeme iliyoanza kufika Dodoma mwaka 2024, akashuka anacheka peke yake kwa raha. Siku ya tatu cheko limeisha.

"Kaka," akaniambia, "hizi honi zitanimaliza. Nyinyi huenda wapi kupumua?"

Nikamtajia baa mbili. Akaniangalia tu.

Akaanza kunieleza kwamba Nairobi, pamoja na vurugu zake zote, wana Karura, msitu wa zaidi ya hekta 1,000 katikati ya jiji, unaingia unasikia ndege. Nikamwambia wenzetu mna bahati. Weee! Alinigeukia kama nimemtukana mama yake. Bahati gani, wakati Januari 1999 Wangari Maathai alipasuliwa kichwa na wahuni pale pale getini kwa sababu alikataa msitu ugawiwe wajenzi wa majumba? Huyo huyo ndiye aliyekuja kupewa Tuzo ya Nobeli ya Amani mwaka 2004. "Tuliulilia ule msitu, kaka," akasema. Nikanywea.

Ndipo nikakumbuka Hombolo. Kwa nini nilikumbuka Hombolo, mahali ambapo sijawahi kukanyaga? Subiri, nitasema. Si jambo la kujivunia.

Jumamosi asubuhi tukadandia daladala. Unatoka kwa barabara ya Morogoro, mkifika Ihumwa mnakata kushoto, na jumla yake si zaidi ya mwendo wa kilomita 40 hivi. Ukishaiacha barabara kuu mambo yanabadilika. Wale wanaodhani Dodoma ni jangwa hawajawahi kuja mwezi wa tatu. Mvua yetu ni ndogo, haifiki milimita 600 kwa mwaka, ila inayoshuka inashuka kati ya Desemba na Aprili, na nchi yote inakuwa kama imevaa kitenge kipya. Uwele umesimama kupita kichwa cha mtu. Mibuyu imeota majani, nikagundua nilikuwa sijui kwamba mibuyu ina majani. Mashamba ya zabibu yamejipanga mistari, akina mama wanauza zabibu kwenye beseni kando ya njia. Mgeni wangu akanunua kilo mbili, tukala zote kabla hatujafika.

Halafu ghafla, mbele yenu, maji.

Jamani, sijui niseme nini. Ni bwawa tu, lilijengwa mwaka 1957 kuzuia maji ya mto Kinyasungwe Ndogo. Lakini baada ya nchi kavu yote ile, unaona maji yamelala mpaka chini ya vilima, mitumbwi miwili imesimama katikati kama imechorwa, yangeyange weupe kando wanatembea polepole kama maofisa walioahirishiwa kikao. Hakuna honi. Upepo unapita kwenye matete, unasikia mtu ng'ambo anakohoa. Tulikaa chini ya mti karibu saa nzima, mimi na simu yangu, na sikuigusa. Walionizoea hawataamini.

Mzee mmoja alikuwa anashona nyavu. "Mbukwenyi!" akatuita. Nikajibu "Mbukwa" kwa kujidai, ndilo neno pekee la Kigogo ninalolijua, kisha nikamwamkia shikamoo. Mgeni wangu alitaka kuvua viatu atie miguu majini, mzee akamzuia mbio. Kichocho hicho, mwanangu, konokono wake wamo humo. Akatuambia bwawa linachimbwa yeye anachunga mbuzi wa baba yake. Siku hizi, akasema, pondo linagusa chini mahali ambapo zamani halikufika. Vilima vimekatwa miti ya mkaa, kila masika mchanga unashuka humu. "Linajaa udongo taratibu," akasema, akaendelea kushona.

Tukala perege na ugali wa uwele na mlenda, kisha tukaanza kuzunguka ukingo. Hapo ndipo mambo yangu yakafumuka.

Msomaji, mwaka jana dalali mmoja alinionyesha picha kwenye simu: kiwanja Hombolo, kinatazama maji, bei ya kutupa. Washkaji wanne tukachanga malipo ya awali bila hata kuja kuona. Sasa nasimama pale, nalinganisha picha na mahali: mti ule ule, mwamba ule ule. Vigingi vimepigwa ndani ya shamba la uwele wa mtu, na uwele umebeba masuke. Mtoto wa kike anafukuza ndege kwa kopo.

Nikamweleza dada yangu ukweli. Hakunisema. Akasimama kwenye kigingi cha mwisho, akaanza kutembea kuelekea majini akihesabu hatua kwa sauti. Alifika majini kwenye hatua ya 38.

Sheria yetu ya Mazingira ya mwaka 2004 inataka mita 60 kutoka ukingo wa bwawa ziachwe bila shughuli za kudumu. Hilo nilikuja kulisoma nyumbani usiku. Pale nilichosikia ni yule mtoto, ameacha kugonga kopo, anatutazama.

"Shikamoo," akatuambia. "Mmekuja kupima?"

Nikasema hapana, tunatembea tu.

Salio lilitakiwa lilipwe Ijumaa iliyopita. Dalali ameshapiga simu mara saba, na washkaji watatu wameanza kuninunia. Sijapokea.